Habari Aliyoibeba Baba Milimani

Sogea karibu, msikilizaji wangu, ukae vizuri, maana habari hii haitaki haraka. Wewe na mimi tumeshafika umri ule ambao simu ikilia alfajiri tunalitazama kwanza jina la anayepiga, na moyo unatangulia kuuliza kabla ya mdomo. Nataka nikusimulie likizo moja ya utotoni mwangu. Nitakwenda polepole, na pale penye giza nitasimama nikungoje.

Majuzi nilikuwa kwenye treni ya metro nikirudi nyumbani Greenbelt, huku Marekani, kutoka kazini. Mvua ilikuwa imenyesha mchana kutwa. Mzee mmoja akaja kukaa kando yangu na koti zito la sufu lililolowa, na mara ile harufu ikanifikia. Sufu ikilowa hurudia kuwa mnyama: inanuka kondoo, nyasi na udongo wa baridi. Sikumtazama yule mzee. Nilifumba macho, nikawa na miaka minane tena, kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi, baba akiendesha kwenye vijia vyembamba vyenye kuta za mawe huku na huku, na mama akishikilia dashibodi na kumwambia, "Bwana wewe, barabara hii ni ya mbuzi, si ya gari."

Baba alisomea misitu huko Wales ujanani. Aliporudi Tanzania alipangiwa kazi Lushoto, akamkuta mama, binti wa palepale, wakaoana. Baadaye maisha yakawaleta Maryland, kwenye jengo la ghorofa hapo Adelphi, na misitu ikabaki kuwa hadithi. Baba alitunza mitambo ya joto katika jengo moja la ofisi Arlington. Mama alihudumia wazee majumbani mwao. Lakini kila mvua iliponyesha baba alianza: "Hii nayo mvua? Ungeiona ya Wales, bibie." Alimwita bibie tangu wakati wa uchumba. Na mama alijibu, "Watu huahidiwa dhahabu. Mimi naahidiwa mvua." Hatimaye akaitimiza ahadi. Tulikwenda sisi watatu kukaa katika nyumba ndogo ya mawe, chini kabisa ya bonde, katika shamba la kondoo.

Sasa nikuambie kitu ambacho wakati ule sikukijua, ili tutembee pamoja bila mmoja wetu kuachwa nyuma. Tulipokuwa bado wageni katika nyumba ile, bibi yangu mzaa mama alifariki huko Lushoto. Baba aliambiwa. Mama hakuambiwa. Kila mahali tulipokwenda kutembea tangu hapo, baba alikuwa amebeba kifo cha mkwe wake kifuani, na mama alikuwa akifikiria zawadi ya kumpelekea mama yake.

Kama umekulia kwetu, hushangai. Kama hukukulia kwetu, nivumilie nieleze. Habari ya msiba haitupwi tu. Mtu hapigiwi simu akaambiwa mama yako amekufa, kisha akaachwa na ukuta. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Au haambiwi lolote, anapelekwa nyumbani. Akifika anakuta watu wamejaa, na wale wa mlangoni wanamshika kabla hawajamwambia neno. Mikono hutangulia, habari hufuata. Nimeuona utaratibu huo ukifanya kazi, na nakwambia una busara ndani yake. Mtu aliyeshikwa haanguki vibaya.

Nyumba yetu ya bondeni haikuwa na mtandao wa simu. Ili simu ishike ilibidi upande njia ya matope hadi kwenye geti la juu, karibu na nyumba ya mwenye shamba, bibi mmoja mfupi mwenye viatu virefu vya mpira, ambaye alituuzia mayai. Asubuhi moja nilipanda na baba kwenda kuchukua mayai hayo. Tulipofika getini simu yake ikalia. Alikuwa mjomba, kaka yake mama. Upande wa baba niliusikia wote, na haukuwa mrefu.

"Ndiyo, shemeji."

Akasikiliza.

"Ndiyo. Hapana, yuko chini. Sawa. Mpaka tufike nyumbani. Sawa, shemeji."

Kisha alichuchumaa akiuelekea ukuta wa mawe, akaanza kuyabandua kwa kidole yale majani laini ya kijani yanayoota juu ya mawe, taratibu, kama mtu anayetafuta kitu kidogo. Nilidhani anatafuta konokono, nikachuchumaa naye tutafute wote. Yule bibi wa mayai alitoka akasimama, akamtazama. Baba akainuka, akamwambia maneno machache kwa sauti ambayo sikuishika. Bibi yule akaweka kikapu chini, akamshika baba mkono juu ya kiwiko, akabaki amemshika hivyo.

Tukiteremka, baba akaniambia, "Mwanangu, usimwambie mama kwamba mjomba amepiga. Atajua tukifika nyumbani. Watu watakuwa wanatusubiri."

Hapa ndipo nilipopotea, na ningependa uone jinsi mtoto anavyopotea kwa kutumia akili yake yote. Mimi nililelewa Maryland. Shuleni kwangu, siri ambayo mtu mmoja haambiwi, na watu wanaomsubiri nyumbani, vilikuwa na maana moja tu: sherehe ya kushtukiza. Taa huzimwa, watu hujificha, mlango ukifunguliwa wanapiga kelele na keki inatokea. Nikamuuliza baba kama ni jambo hilo, kwa Kiingereza kama ilivyokuwa kawaida yetu: wao wanasema Kiswahili na mimi nawajibu kwa Kiingereza. "Wewe nyamaza tu," akasema. Nikaelewa kuwa ni ndiyo.

Na kila kilichofuata kilinithibitishia. Kabla ya siku ile baba alikuwa mtu wa kulala mchana na kusema tutaona kesho. Sasa kila asubuhi alitandaza ramani kubwa mezani, mikate ikaondolewa, akaweka kidole. "Leo tunakwenda hapa." Mama alifurahi. Mimi nilifurahi zaidi, maana nilijua kwa nini anamtoa mama nje. Nilikuja kufahamu ukubwani kwamba mtu wa misitu anajua kusoma ramani, na kwamba alikuwa anatafuta mabonde, mahali ambapo mlima unasimama kati ya simu ya mama na Lushoto.

Tulianza na maporomoko ya maji. Njia ilipita katika msitu wa mialoni mifupi iliyopinda, imevikwa kijani hadi kwenye matawi, na maji yalisikika muda mrefu kabla hayajaonekana. Baba alitaja miti kwa majina, lakini alikuwa akianza sentensi na kuiacha katikati. Mama alikwenda mbele. Alikuwa amevaa koti la mvua la njano na kilemba, na alipokuwa akigeuka kutuambia tuangalie utelezi, aliteleza yeye, akakaa chini kwenye tope kama mtu aliyekaribishwa kiti. Alicheka mpaka kilemba kikamtoka. "Kama kwetu kabisa," alisema akiwa bado chini. "Baridi ya Lushoto, tope la Lushoto. Hata kuanguka ni kwa Lushoto. Mama angekuwa hapa angesema nimeyataka mwenyewe." Baba alimpa mkono amwinue, na akachelewa kuuachia. Nikampiga mama picha. Katika picha ile baba anatazama pembeni.

Tulipanda kitreni cha moshi kinachozunguka mlima kupita kwenye machimbo ya yale mawe meusi bapa wanayoezekea nyumba. Mama alinunua vikeki vya zabibu kavu, akampa baba, na baba akakishika chake safari nzima bila kukila. Tukirudi jioni tulikuta mkate mlangoni umefunikwa kitambaa, na siku nyingine chupa ya maziwa, na maua ya shambani katika kopo. "Huyu bibi wa mayai anatupenda jamani," mama alisema. "Watu husema wazungu hawana ujirani." Baba aliuingiza mkate ndani.

Kosa la baba lilikuwa ngome. Alichagua ngome ya kale iliyobomoka kwa sababu kwenye ramani ilionekana iko mbali na kila mji, akasahau kwamba wenye ngome huzijenga juu ili waone mbali. Tulipopanda ngazi za mawe hadi kwenye mnara, upepo ukitupiga na bahari ikimeta upande mmoja, simu ya mama ililia mara moja, ikalia tena, ikalia kama mtu anayebisha hodi kwa haraka. Ilikuwa mfukoni mwa koti la baba, pamoja na miwani na funguo za gari, maana yeye ndiye aliyebeba vitu vyetu. Niliona mkono wake ukizama mfukoni. Mlio ukakatika.

"Kumbe huku mtandao upo," mama alisema. Alikuwa anajifunga kilemba upya. "Nipe simu nimsalimie mama. Nimwambie nimefika Lushoto ya wazungu."

"Imezima," baba alisema. "Chaji imekwisha."

"Imelia sasa hivi, baba," nikasema.

Mama akamtazama. "Kweli imelia."

"Ndivyo zinavyolia zikizima."

Mama alinyoosha mkono, kisha upepo ukamvuta kilemba, akakishika kwa mikono miwili, akacheka. "Wewe na simu zako. Haya, nitampigia kesho. Saa hizi mwenyewe yuko shambani kwenye mapeasi yake, hata hapokei." Akaja kunishika bega kunionyesha meli ndogo baharini. Mimi nilimkonyeza baba, kumwambia kwamba karibu niharibu lakini sikuharibu. Alikuwa ameegemea ukuta, na uso wake ulikuwa na rangi ya jiwe lile. Jioni hiyo, kichwa cha kuchomekea chaja za simu kwenye umeme wa matundu matatu, tulichonunua uwanja wa ndege, kilipotea, na hakuna aliyekiona tena.

Mara ya mwisho tulikwenda pwani ambako maji yalikuwa yamekupwa mbali kiasi kwamba mchanga wenyewe ulikuwa kama nchi. Njiani kurudi mama aliona duka la shamba linalouza mablanketi ya sufu, akataka tusimame. Ndani kulinuka ile harufu niliyoikuta majuzi kwenye metro. Mama alifunua blanketi moja baada ya jingine, akijiwekea shavuni, kama anavyopima joto la mtoto.

"Mama atapenda lipi? La bluu au hili la kijivu?"

"La kijivu," baba alisema.

"La kijivu ni la wazee. Yeye hajioni mzee."

"Basi la bluu."

Mama akaacha kukunja. "Mbona leo hubishi?"

"Nimechoka kubishana nawe, bibie."

"Umechoka lini? Jana tu umebisha habari ya jibini."

Baba alilichukua lile la bluu, akalipeleka kwa mwenye duka, akalipia. Yeye ambaye hununua soksi baada ya kuzunguka maduka yote ya barabara yetu ya University Boulevard. Akatoka nje kabla yetu. Mama akanong'ona, "Baba yako anazeeka vizuri." Nikamkubalia kwa furaha.

Tulirudi Marekani. Rafiki yake baba alitupokea uwanja wa ndege, na njia nzima alizungumzia foleni ya magari. Jengo letu la Adelphi halina lifti. Baba alibaki nyuma na mizigo. Mimi nilimshika mama mkono nikamvuta juu, maana nilitaka niwe naye mlango utakapofunguliwa. Tulipofika ngazi ya mwisho nikaviona viatu. Vilijaza ukumbi wote mbele ya mlango wetu: ndala, viatu vya kazini vya wauguzi, makubazi, viatu vya wanaume vilivyopangwa upande wake. Ndani kulikuwa kimya, kimya kile hasa nilichokitarajia. Nikamgeukia mama na tabasamu langu lote.

"Wamekuja kwa ajili yako, mama," nikamwambia. Nilisema kwa Kiswahili, kwa kuwa ilikuwa zawadi.

Mama alivitazama viatu. Hakuuliza ni vya nini. Mkono wake ukawa mzito ndani ya wangu, akasema polepole, si kwangu, "Nani?"

Mlango ukafunguliwa. Mama Rukia, jirani yetu wa ghorofa ya chini tuliyemwachia ufunguo, mwanamke wa Unguja ambaye huongoza shughuli zote za wanawake, alikuwa amesimama na kanga kichwani, na nyuma yake makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani, mikeka imetandikwa, na wanawake wamekaa chini. Alimkumbatia mama kabla hajasema lolote. "Ingia, mwanangu. Ingia ndani kwanza."

"Ni mama?"

"Ingia."

"Mama Rukia, ni mama?"

"Mungu amempenda zaidi, mwanangu."

Wakamshika. Ilikuwa kama ilivyotakiwa iwe: mikono mingi, dua, maji ya kunywa, na mwanamke wa Kikenya wa mlango wa pili, ambaye ni muuguzi, amekuja na chupa ya chai akisema, "Tuko na wewe, sawa? Hatuendi popote." Mama alilia na hakuanguka vibaya. Utaratibu ulifanya kazi yake, nami nisingependa uondoke hapa ukidhani naudharau. Nilikaa kwenye kona nikingoja mtu anieleze keki iko wapi, na taratibu, bila kuelezwa na mtu, nikaelewa.

Kilichofuata ndiko nilikokuwa nakupeleka. Matanga yakaisha, mikeka ikarudishwa, na mchana mmoja niliwasikia jikoni. Mama alikuwa amejifunika lile blanketi la bluu ingawa kulikuwa na joto.

"Walimzika lini?"

Baba akamwambia: siku ileile ya simu ya getini, kabla ya alasiri.

"Kwa hiyo pale kwenye maji, nilipoanguka, alikuwa ameshazikwa."

"Maziko usingeyawahi, bibie. Hata ungeruka."

"Sikuulizi kuwahi. Umeniacha nikacheka." Alilivuta blanketi mabegani. "Nimenunua vikeki. Nimepigwa picha. Hata yule bibi wa mayai alijua kabla yangu, ndiyo maana ya mikate yake. Mzungu amenipa pole kwa mkate na mimi nakula."

"Ningekwambia wapi? Kati ya kondoo? Hakuna mtu kule wa kukushika. Kaka yako mwenyewe alisema nisubiri mpaka uwe kwa watu."

"Watu," mama alisema. "Na wewe si mtu?"

Nilisikia kiti kikivutwa, kisha nikamsikia baba analia, kilio kikavu cha mtu asiyejua kulia mbele ya mwingine. Mama hakumsogelea mara moja. Lakini alimsogelea.

Nimelifikiria swali hilo miaka mingi. Baba alimpenda sana mkwe wake. Bibi ndiye aliyewashawishi ndugu wamkubali kijana wa misitu asiye na kwao karibu. Utaratibu wetu unasema mfiwa asiachwe peke yake, na kwa kuulinda utaratibu huo baba akawa mfiwa wa peke yake, milimani, amebeba kikeki asichoweza kukila, akishikwa mkono na mgeni mmoja tu. Angemwambia mama wangekuwa wawili. Hilo hakuliona. Alidhani yeye ni mlinzi wa msiba, hakujua kwamba naye ni mmoja wa watu.

Wazazi wangu wapo, wazee sasa. Mwaka huu nilipata ujasiri wa kuwauliza, wakiwa mezani pamoja, kila mmoja angependa kuambiwaje habari ya msiba. Mama akasema bila kufikiri, "Mimi niambie palepale. Hata nikiwa na sabuni mikononi, hata nikiwa njiani. Kisha ndiyo uite watu." Baba akakoroga chai yake muda mrefu. "Mimi msiniambie njiani," akasema. "Nipelekeni nyumbani kwanza. Nikute mmejaa."

Mama akamtazama kama anayemwona akiteremka kutoka kwenye geti lile la juu. "Unaona," akaniambia. "Alinifanyia kile ambacho angependa kufanyiwa yeye." Akamsogezea sukari.

Hakukuwa na mwovu katika likizo ile. Kulikuwa na watu wawili wanaopendana ambao hawakuwahi kuulizana, kwa sababu nani anauliza jambo kama hilo siku ya jua, watu wakiwa wazima? Lakini siku hiyo ndiyo ya kuuliza. Kwa hiyo fanya hivi, si vigumu. Leo, mkiwa mmeshakula na hakuna haraka, muulize mtu unayeishi naye: habari nzito ikija, angependa aambiwe na nani, akiwa wapi, na mapema kiasi gani. Msikilize mpaka amalize. Kisha mwambie na wewe ungependa vipi.